Mwongozo kamili wa kutumia "predestine" na ndugu zake bila kujichanganya

Kama unasoma Biblia ya Kiingereza, vitabu vya dini, au hata uchambuzi wa siasa na michezo kwa Kiingereza, lazima ushakutana na neno predestine. Wengi tukilikuta tunalipiga tafsiri moja ya harakaharaka, "kupangiwa", tunasonga mbele. Kwenye kusoma inaweza isilete shida kubwa. Shida inakuja siku unataka kuliandika mwenyewe, hapo ndo unakuta mtu kaandika "the price is predestined" au "I predestine that it will rain", na haelewi kwa nini sentensi yake imepigwa mstari mwekundu wakati kamusi ilimwambia maana ni kupanga kabla.

Hili neno lina masharti yake, na sharti kubwa kuliko yote ni hili: predestine ni UAMUZI. Sio utabiri, sio bahati, sio mpango wa kawaida wa kazi. Lazima awepo aliyeamua (hata kama hatajwi), awepo anayeamuliwa, uwepo mwisho anakoelekezwa, na huo uamuzi uwe umepita kabla mambo hayajaanza kutokea. Kabla hujaliandika jiulize, nani kaamua, kamwamulia nani, na kumwelekeza wapi. Ukikosa jibu hata la swali moja, jua unahitaji neno lingine, na hayo mengine tutayapitia huko chini moja moja.

Hatua ya 1: Anzia kwenye mzizi, utalishika haraka

Predestine limetoka kwenye Kilatini, praedestinare. Prae ni kabla, destinare ni kukiweka kitu imara, kukikazia pale kinapotakiwa kufika. Likapitia Kifaransa likaingia kwenye Kiingereza karne ya 14, na muda wote huo lilikuwa neno la kanisani, manake Biblia ya Kilatini, ile Vulgata, ndo imelitumia kwenye Warumi 8:29 pale inaposema "praedestinavit".

Ila Paulo hakuandika Kilatini, aliandika Kigiriki, na neno lake lilikuwa proorizo. Pro ni kabla, horizo ni kuweka mpaka. Kutoka kwenye hilo horizo ndo Kiingereza kikapata horizon, yaani upeo wa macho, ule mstari wa mbali unaoonekana kama mpaka wa ardhi na mbingu. Kwa hiyo ukisoma predestined, wazo lililopo chini yake ni mpaka ulioshachorwa, mtu kashawekewa mstari wa mwisho kabla hajaanza hata hatua ya kwanza.

Agano Jipya zima lina hilo neno la Kigiriki mara 6 tu: Matendo 4:28, Warumi 8:29 na 8:30, 1 Wakorintho 2:7, Waefeso 1:5 na 1:11. Ziandike mahali hizo aya sita, manake ukizisoma zote kwa Kiingereza kwa siku moja utakuwa umelielewa neno kuliko mtu aliyesoma maelezo ya kamusi kumi. Na utagundua kitu, watafsiri wenyewe hawakukubaliana. Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, mwaka 1526 kwenye Warumi 8:29 hakulitaka hilo la Kilatini, akatumia maneno mepesi, kwa tahajia ya leo ni "ordained before". Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikatumia predestinate kwenye zile aya nne za Warumi na Waefeso, lakini kwenye Matendo ikasema "determined before" na kwenye Wakorintho "ordained". Kigiriki ni kile kile, Kiingereza ndo kimebadilika. Kwa hiyo usishangae ukikuta Biblia mbili zina maneno tofauti kwenye aya moja ukadhani kuna fundisho limefichwa, mara nyingi ni chaguo la mtafsiri tu.

Hatua ya 2: Tenganisha kujua na kuamua

Hapa usipite haraka, watu wengi sana wanaangukia hapa. Chukua Warumi 8:29 kwa King James: "For whom he did foreknow, he also did predestinate". Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema "Maana wale aliowajua tangu asili, aliwachagua tangu asili". Ushaona, ni vitendo viwili. Foreknow ni kujua kabla, predestinate ni kuchagua na kuelekeza kabla. Paulo angekuwa anaona ni kitu kimoja asingevitaja vyote viwili kwenye pumzi moja.

Mtu anayejua kwamba jua litachomoza kesho hajaliamuru lichomoze. Kwa hiyo usiandike "predestined" ukimaanisha "Mungu alijua". Hapo andika "foreknew", au "knew beforehand". Na ukimaanisha binadamu aliona dalili akasema litatokea, hilo ni "predicted" au "foresaw".

Sasa kuna kitu ambacho ukikielewa kitakusaidia kusoma maandishi ya kidini bila kukasirika: hiki kitenzi peke yake hakisemi SABABU ya uamuzi. Wanatheolojia wa Kikristo Augustino (354 hadi 430), Calvin (1509 hadi 1564) na Arminius (1560 hadi 1609) wote walikubali kwamba Mungu amechagua kabla, neno liko kwenye Biblia, hakuna wa kulifuta. Walichogombania ni kwa nini kachagua hawa. Wafuasi wa Arminius walisema Mungu aliona mapema nani ataamini, akawachagua hao. Upande wa Calvin wakasema hapana, uchaguzi haukutegemea chochote ndani ya mtu. Mgogoro huo ndo ulikusanya sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dort, Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619, na upande wa Arminius ukashindwa pale.

Kwa matumizi ya lugha maana yake ni hii. Sentensi "God predestined them because he foresaw their faith" ni sahihi kisarufi. Sentensi "God predestined them for no merit of their own" nayo ni sahihi kisarufi. Kitenzi kinabeba zote mbili bila tatizo, kinachotofautiana ni theolojia ya mwandishi, nayo utaikuta kwenye maneno yanayofuata baada ya kitenzi. Kwa hiyo ukisoma usimhukumu mtu kwa kuona tu katumia predestined, soma mpaka mwisho wa sentensi.

Hatua ya 3: Litamke vizuri

Hii fupi. Ni pri-DES-tin. Mkazo uko katikati, na mwisho ni "tin", sio "tain". Angalia ndugu zake kimatamshi, determine, examine, imagine, zote mwisho ni "in" japo zimeandikwa na e. Predestinate kama kitenzi ni pri-DES-ti-neit. Nomino yake predestination mkazo unahamia mbele, pri-des-ti-NEI-shen. Ndugu zake wawili tutakaowaona hatua ya 5, foreordain ni fo-o-DEIN, preordain ni pri-o-DEIN, mkazo mwishoni. Na kwenye kuandika, yote ni neno moja moja bila kistari katikati.

Hatua ya 4: Jifunze miundo ya sentensi, na hapa ndo kazi ilipo

Muundo wa kwanza, mtendaji anatajwa waziwazi: fulani + predestined + mtu + to + mwisho wake. Mfano "God predestined them to eternal life". Baada ya to unaweza kuweka nomino, kama hapo, au kitenzi, "God predestined them to be his children". Vyote vinakubalika. Ukisoma vya zamani utakuta unto badala ya to, "predestinated unto everlasting life", maana ni hiyo hiyo ila leo hatuandiki hivyo.

Muundo wa pili, na huu ndo unaotumika mara nyingi zaidi, ni wa kutendwa: "She was predestined to lead". Aliyeamua kafichwa. Ukitaka kumtaja unaongeza by, "predestined by God", "predestined by fate". Kwa nini wa kutendwa unapendwa? Kwa sababu nje ya dini waandishi wengi hawataki kusema nani kaamua, wanataka tu msomaji ahisi kwamba mwisho ulikuwa hauepukiki. Ndo maana pia utakutana sana na "seemed predestined to", ilionekana kama vile imeandikwa: "The two cities seemed predestined to be rivals". Hiyo seemed ni kinga nzuri sana, inakutoa kwenye mzigo wa kudai kwamba kweli kuna aliyeamua. Kama unaandika insha ya shule au makala na hujui kama msomaji wako anaamini mambo ya kadari, weka seemed au "as if predestined", utakuwa salama.

Muundo wa tatu ni wa for, na unataka nomino: "predestined for greatness", "predestined for the throne". Usiweke kitenzi kitupu baada ya for, "predestined for lead" ni kosa. Ukitaka kitenzi rudi kwenye to.

Muundo wa nne ni wa kivumishi, predestined inakaa mbele ya nomino: "a predestined end", "at the predestined hour". Huu ni wa kifasihi zaidi, unapendeza kwenye hadithi, kwenye ripoti ya kazi unakaa vibaya.

Halafu kuna kosa moja ambalo sisi waongeaji wa Kiswahili tunalifanya kwa sababu ya Kiswahili chenyewe. Sisi tuna kauli ya kutendea, tunasema "Mungu amenipangia kazi nzuri", mtu na kitu vyote viwili vinakaa nyuma ya kitenzi kimoja na inaeleweka vizuri kabisa. Mtu anaichukua hiyo anaandika "God predestined me a good job". Haiwezekani. Predestine inabeba shamirisho moja tu, yule mtu au lile jambo lililoamuliwa, na mwisho wake lazima uingie kwa to au for. Na kwa maana ya sentensi hiyo, kwa kweli hata predestine haihitajiki, sema "God has planned a good job for me" au "God has a good job in store for me". Kila unapotaka kutafsiri "-pangia" au "-andikia" simama kwanza, angalia kitu kiko wapi na mtu yuko wapi.

Kuhusu nyakati. Kwa vile uamuzi ulishapita, kitenzi hiki kinapenda wakati uliopita, "predestined", au hali timilifu, "has predestined", au "had predestined" ukiwa kwenye simulizi. Wakati uliopo wa kutendwa pia uko sawa, "we are predestined to", manake unaeleza hali ambayo bado inasimama. Ila "is predestining", kwamba anaendelea kuamua sasa hivi, inagongana na pre yake, na "will predestine" ni hivyo hivyo, utaamuaje kesho kitu ambacho kilishaamuliwa kabla. Na usiitumie kama amri wala kwa nafsi ya kwanza, "I predestine you to be a doctor" haisemwi na binadamu, labda mhusika kwenye hadithi anayejifanya mungu.

La mwisho hapa, usirudie kabla mara mbili. "Predestined in advance" ni marudio, pre imeshasema. Lakini "chosen and predestined before the foundation of the world" haina kosa, kwa sababu hapo unaeleza NI LINI hasa, umbali wa hiyo kabla. Tofauti ni kwamba moja inarudia, nyingine inaongeza taarifa.

Hatua ya 5: Chagua ndugu sahihi

Kuna manne yanayochanganya: predestine, predestinate, preordain, foreordain. Kamusi nyingi zitakwambia ni kitu kimoja, zinaelekezana tu, ukifungua hili unarudishwa kule. Kwa maana ya jumla ni kweli, ila kwa matumizi hayalingani.

Predestinate kama kitenzi limezeeka. Lisome, lielewe, usiliandike. Leo wanasema predestine, na ukilinganisha King James na tafsiri za sasa hivi kama NIV au ESV utaona hilo wazi, "predestinated" imegeuka "predestined".

Predestine lenyewe linapenda watu. Mtu na mwisho wake. Preordain na foreordain yanapenda mambo, matukio, utaratibu wa vitu. Sio sheria ya chuma, ila ni mwelekeo ambao sikio la mwenye lugha linausikia. Angalia ungamo la imani la Westminster lililoandikwa London miaka ya 1640. Kwenye sura ya tatu linasema kwamba kwa amri ya Mungu baadhi ya wanadamu na malaika "are predestinated unto everlasting life", na wengine "foreordained to everlasting death". Soma tena hapo. Sentensi moja, vitenzi viwili tofauti. Kwenye uzima wakatumia la kuelekezwa, kwenye mauti wakatumia la kuamriwa. Wale hawakuwa watu wa kuokota maneno, walikaa wakayapima, na wasomi wamelijadili chaguo hilo miaka mingi. Halafu katekisimu yao fupi, swali la 7, inasema Mungu "hath foreordained whatsoever comes to pass", yaani kila kinachotokea. Hapo hawazungumzii watu peke yao, ni matukio yote, na ndo maana foreordain limekaa vizuri kuliko predestine.

Sasa kuna sehemu moja ambayo ukisoma Biblia ya Kiswahili na ya King James pamoja utashtuka, 1 Petro 1:20, inayomhusu Kristo. King James inasema "Who verily was foreordained before the foundation of the world". Union ya Kiswahili inasema "Naye amejulikana kweli tangu zamani, kabla haijawekwa misingi ya dunia". Moja inasema aliamriwa, nyingine alijulikana! Sababu ni kwamba Kigiriki cha hapo sio proorizo, ni kile kitenzi kingine cha kujua kabla, ambacho kwenye Warumi 8:29 King James wenyewe walikitafsiri foreknow. Hapa wakaona kwa muktadha kina uzito wa uamuzi wakaweka foreordained. Kiswahili kikabaki karibu na neno. Kwa hiyo foreordain kwenye Kiingereza cha zamani linaweza kusimama juu ya kujua na juu ya kuamua pia, na ukitaka uhakika rudi kwenye muktadha wa aya, usiishie kwenye neno la Kiingereza.

Foreordain lina makao mengine ambayo inafaa uyajue. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanalitumia kwa makusudi kutofautisha na predestine. Kwao foreordained ni kuitwa kwenye kazi fulani kabla ya kuzaliwa, na mtu bado ana hiari ya kuitimiza au kuiacha, wakati fundisho la predestination wao hawalikubali. Ukimsoma mwandishi wa kanisa hilo ukatafsiri foreordained kama "kulazimishiwa kadari" umempotosha kabisa.

Kwa upande wa maandishi ya Kiislamu kwa Kiingereza, nomino predestination utaikuta sana ikielezea kadari, lakini kitenzi kinachotawala ni decree, "Allah has decreed", na mara nyingine ordain au preordain. Kwa hiyo ukitafsiri "Mwenyezi Mungu amekadiria" kwenda Kiingereza, decreed litasikika la kawaida zaidi kwa wasomaji hao kuliko predestined.

Preordain ndo limetoka nje ya dini kuliko mwenzake foreordain. Kwenye habari za siasa na michezo utasoma "the outcome was preordained", na hapo mara nyingi kuna harufu ya lawama, kwamba matokeo yalikuwa yameshapangwa, kura au mechi ilikuwa ya kuzugia. Ukisema "predestined" kwenye nafasi hiyo lawama inapungua, inakuwa kama unasema ni majaliwa. Tofauti hiyo ndogo inaweza kugeuza makala yako yote.

Hatua ya 6: Wajue majirani ambao sio ndugu

Predetermine. Hili ndo unalolitafuta ukitaka kusema bei, joto, muda au kiwango kilichowekwa kabla na binadamu au mashine. "The machine stops at a predetermined temperature". Hapo predestined haiwezi kuingia hata kidogo, mashine haina kadari. Kwenye mambo ya ufundi, biashara na utafiti, tumia predetermine au tu "set in advance".

Predispose. Hapa naomba tuwe makini zaidi kwa sababu linagusa afya za watu. Predispose ni kumfanya mtu awe na uwezekano mkubwa zaidi, sio kumfikisha mwisho. Mwanamke mwenye mabadiliko kwenye jeni iitwayo BRCA1 ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya matiti, Kiingereza chake ni "predisposed to breast cancer". Wapo wenye mabadiliko hayo ambao hawapati. Mtu akiandika au akitafsiri "predestined" hapo anamwambia mgonjwa kwamba imekwisha, na mgonjwa anaweza kuacha hata vipimo. Madaktari na waandishi wa afya hupenda kuweka yote mawili pamoja kwa makusudi, kama "predisposed, but not predestined", na ukiielewa hiyo sentensi fupi umeelewa tofauti yote.

Destined, bila pre, ni pana na jepesi zaidi. Linafaa kwa watu, "destined for success", na linafaa pia kwa safari ya mzigo, "goods destined for export". Jaribu kusema "goods predestined for export" uone inavyochekesha, kama vile makontena yameandikiwa tangu misingi ya dunia. Ukisitasita kati ya haya mawili nje ya mada ya dini, chukua destined, mara nyingi sana litakuwa ndo sahihi.

Fated na doomed: fated inaegemea majaliwa yasiyo na mwenyewe, doomed ni mwisho mbaya tu. Predestined inaweza kuwa kwa mema au mabaya, kwa hiyo usiseme "predestined" ukidhani umeshaonyesha msiba, mwisho wenyewe lazima uutaje.

Na kuna ordain peke yake. Linachanganya kwa sababu lina kazi mbili, kuamuru, na kumwekea mtu mikono awe kasisi au mchungaji. "He was ordained in May" ni habari ya upadre. "He was foreordained" ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 7: Pima uzito wa mazungumzo

Predestine ni neno la maandishi na mimbari. Kwenye maongezi ya kawaida na marafiki, Mwingereza au Mmarekani hasemi "we were predestined to meet", labda anaongea kwa mahaba ya kupitiliza. Anasema "we were meant to meet" au "it was meant to be". Kwa maoni yangu hii meant to ndo tafsiri bora ya "tuliandikiwa" kwenye chati na barua za mapenzi, ina joto na haina ukasisi. Predestined iweke kwenye insha, tamthilia, mahubiri, mjadala wa falsafa, uchambuzi wa historia.

Na kwenye historia na jamii, jua kwamba hili neno linatumika sana kwa KUKANUSHA. "Nothing was predestined about the war", "Poverty does not predestine a child to fail". Huo ni mtindo mzuri na unapaswa kuujua, kwa sababu mwandishi anakopa uzito wote wa kidini wa neno halafu anaukataa, na hoja yake inapata nguvu. Ukiandika insha ya kupinga wazo kwamba mambo hayabadiliki, huu muundo utakusaidia kweli.

Hatua ya 8: Lirudishe kwenye Kiswahili bila kulipunguza

Kwenye maandishi ya Kikristo fuata njia ya Union, "kuchagua tangu asili" au "kutangulia kuchagua" kama ilivyo Waefeso 1:5, msomaji wako ataitambua mara moja. Kwenye muktadha wa Kiislamu, kukadiria na kadari. Kwenye hadithi, kuandikiwa au kujaaliwa, ila kujaaliwa kumbuka kunaegemea mema, huwezi kusema kajaaliwa kufilisika bila sentensi kusikika vibaya. Kwenye siasa, "yalikuwa yameshapangwa" inatosha na ina ile harufu ya lawama ya preordained. "Kupangiwa" tupu ni dogo sana kwa predestine, manake hata zamu ya kazi mtu anapangiwa, kwa hiyo ukilazimika kulitumia ongeza "tangu mwanzo" au "tangu kabla hajazaliwa".

Hatua ya 9: Jipime

Funika majibu kwanza, tafsiri mwenyewe kwenda Kiingereza, halafu ndo uangalie.

"Mungu aliwachagua tangu asili wawe wanawe." Jibu: "God predestined them to be his children". Aliyeamua yupo, walioamuliwa wapo, mwisho upo.

"Mkutano utaanza saa iliyopangwa." Jibu: "The meeting will start at the scheduled time". Kama uliweka predestined rudi hatua ya 6.

"Familia yao ina urithi wa kisukari, wako kwenye hatari zaidi." Jibu: "They are genetically predisposed to diabetes".

"Ilionekana kama kaandikiwa kuwa mfalme." Jibu: "He seemed predestined to be king", au "destined to be king" ukitaka wepesi.

"Mshindi alikuwa ameshajulikana kabla ya kura, kila kitu kilipangwa." Jibu: "The result was preordained". Ukiweka predestined utakuwa umewasamehe waliopanga.

"Kila kinachotokea Mungu alishakiamuru tangu mwanzo." Jibu: "God has foreordained everything that happens". Ni matukio yote hapo, sio mtu mmoja na mwisho wake, ndo maana foreordained limetangulia, na kama msomaji wako ni Mwislamu badilisha uweke "Allah has decreed everything that happens".